Tangi Lililofunikwa kwa Majani ya Mgomba

Nilipokabidhi funguo za gereji, vijana niliowaachia waliniomba kitu kimoja. Hawakutaka hotuba, kwa bahati nzuri. Walitaka niwaandikie jibu la swali ambalo wateja huwauliza karibu kila juma: gari lenye turbo lifungwe intakula ya hewa au ya maji? Nilikaa mezani hapa nyumbani Majimbo, Embu, nikidhani jibu litanichukua nusu ukurasa. Nimeona haliwezi kusimama peke yake bila kueleza nilivyolipata, na nililipata vibaya kabla ya kulipata vizuri.

Nilizaliwa Kianjai, nyumba yenye ng'ombe wawili na mistari michache ya miraa. Nilipomaliza shule nilikwenda Meru mjini kwa Mzee Swaleh, fundi wa Majengo ambaye gereji yake ilikuwa uwanja wenye ukuta pande mbili na mabati upande wa tatu. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa kitambaa na injini iliyojaa oili, akaniambia niipanguse mpaka niweze kumwambia oili inatokea wapi. Nilipangusa siku mbili. Siku ya pili alasiri nikamwonyesha gasketi iliyopasuka, ufa mwembamba kama unywele.

"Sasa umeiona injini," akasema. "Jana ulikuwa unaona uchafu."

Sikuwahi kusoma chuo cha ufundi. Nilisoma vitabu vya magari vya Kiingereza, kamusi ikiwa kando, nikiandika kila neno jipya kwenye daftari. Mzee Swaleh aliniacha nisome, ila alinikataza kuja na kitabu karibu na gari lililo wazi. Alisema mtu hawezi kusikiliza vitu viwili. Yeye mwenyewe alipima joto kwa kiganja. Angeweka mkono juu ya paipu, ahesabu kimya, kisha aseme, "Hii inaungua," au "Hii ni sawa." Mimi sikuwa na kiganja cha namna hiyo. Nilinunua kipimajoto cha maziwa, kile wanachotumia kwenye vituo vya kukusanyia maziwa, nikakifunga kwa waya kwenye paipu. Mzee alikitazama sana.

"Umeona maziwa yameganda?" akaniuliza.

Mafundi wote walicheka. Nilicheka pia, lakini kipimajoto kilibaki. Bado ninacho, na kioo chake hakijapasuka.

Turbo ya kwanza niliyofungua ilikuwa ya pikapu ya dizeli iliyokuwa ikibeba mboga kutoka Timau. Niwaeleze kwa ufupi, maana mtakutana na wateja wanaodhani turbo ni nguvu inayotoka mbinguni. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya injini kwa kutumia moshi unaotoka. Hewa ikisongwa hivyo hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata joto mkononi mwako. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo injini inapata kidogo kuliko inavyodhani. Ndiyo maana kuna intakula kati ya turbo na injini: inapoza ile hewa kabla haijaingia.

Ya hewa ni kama rejeta iliyo kavu. Upepo unapita katikati ya mapezi yake gari likienda. Haina pampu wala maji, na haina mengi ya kuharibika. Inachotaka ni upepo, na upepo unataka mwendo na pua ya gari iliyo wazi. Ya maji ni kisanduku kidogo karibu na injini, kinachozungukwa na maji yanayosukumwa na pampu ya umeme, kisha yanakwenda kupozwa kwenye rejeta yake ndogo mbele. Maji hunyonya joto haraka, na paipu za hewa huwa fupi, kwa hiyo gari hujibu mguu upesi. Lakini una pampu, hosi na tangi vya kutunza. Na mwisho wa yote, maji yenyewe yanapozwa na upepo uleule. Hilo wengi husahau. Ukipanda mlima mrefu polepole, maji hukusaidia kwa muda, kisha nayo hupata joto.

Haya yote niliyajua nilipohamia Embu na kufungua gereji yangu. Niliyaandika kwenye daftari kwa safu mbili, hewa upande huu, maji upande huu, na nilijivunia ule ukurasa. Mtu akiuliza, ningeufungua na kumsomea.

Mama Kendi alikuja mwaka ambao barabara ya Mwea ilikuwa na vumbi kuliko kawaida. Alikuwa mfanyabiashara wa miraa wa Mikinduri, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini inayomfanya kila mtu anyamaze ili amsikie. Pikapu yake ilipita Embu kila siku ya kazi ikielekea Nairobi. Ninyi wa hapa mnajua, lakini mwingine anaweza kusoma haya: miraa huchumwa asubuhi na inatakiwa mezani kwa mnunuzi siku hiyohiyo. Ikinyauka imekuwa kuni. Kwa hiyo hufungwa vibunda, hufunikwa kwa majani ya mgomba na magunia mabichi, na njiani dereva husimama kuinyunyizia maji.

"Fundi," akaniambia, "gari yangu inakimbia vizuri kwa tambarare. Ikifika Mutonga na Thuchi kwenye zile kona za bonde, inakuwa mzee. Nyuma ya lori inapumua tu. Mzigo unachelewa, na huko mjini hakuna mtu ananingojea."

Niliendesha pikapu hiyo mwenyewe siku tatu, ikiwa na mzigo wa mawe, kipimajoto changu kikiwa kimefungwa kwenye paipu. Intakula yake ilikuwa ya hewa, iliyokaa juu ya injini chini ya boneti, na mbele kulikuwa na ngao ya chuma nzito kama geti la shule. Kwenye tambarare ilifanya kazi. Kwenye mabonde, nyuma ya malori, hakukuwa na upepo, na joto la injini likapanda juu yake. Ukurasa wangu ulisema wazi: mahali pasipo na upepo, tumia maji. Nikafunga ya maji.

Kazi ilikuwa safi. Sikupata nafasi ya tangi chini ya boneti, kwa hiyo nilichukua jerikeni jeupe lenye mdomo mpana, nikaliweka nyuma kwenye kona ya bodi, karibu na kichwa cha gari. Chini nililifunga bomba dogo la kufungulia ili iwe rahisi kubadilisha maji. Ndani nilitia maji na kulanti, ile ya kijani inayozuia kutu. Halafu nikafanya jambo lililonifurahisha kuliko yote. Jua la Mwea lingelipiga tangi lile mchana kutwa. Mimi ni mtu wa Kianjai. Nililifunga gunia bichi, nikalizungushia majani ya mgomba, nikafunga kwa kamba ya mgomba kama mama yangu alivyofunga vibunda. Nilipima. Kweli, lilibaki baridi zaidi.

Nilimpelekea Mzee Swaleh aione. Wakati huo alikuwa mzee kweli, amekalia kiti chake cha mbao uwanjani Majengo, mafundi wakimletea vipuri avishike. Alizunguka gari taratibu kwa bakora. Aligusa paipu, akaitikia kwa kichwa. Alifika nyuma, akasimama mbele ya tangi.

"Mwiti, umeivalisha nguo ya miraa."

"Inazuia jua, mzee. Nimepima."

"Najua umepima. Na haya maji, nani atayalinda?"

"Hosi zote ni mpya. Nimefunga klipu mbilimbili. Hayawezi kuvuja."

"Sikukuuliza kama yanavuja," akasema.

Hapo adhana ikasikika, akaenda kuswali. Nilimngoja kidogo, kisha nikaondoka kabla hajarudi kwa sababu nilitaka kupima mteremko wa Nkubu jua likiwa bado kali. Miaka yote iliyofuata nimetamani ningemngoja.

Nilimweleza Mama Kendi kila kitu kuhusu tangi. Dereva sikumwambia. Alikuja kuchukua gari nikiwa chini ya basi dogo, niliona viatu vyake tu, na mtu mwingine akampa ufunguo. Jina lake ni Koome. Nilijifunza jina lake siku ishirini baadaye.

Siku hiyo kulikuwa na joto, saa saba hivi mchana. Pikapu ya Mama Kendi iliingia gereji ikitoa moshi mweusi, bodi ikiwa tupu. Kijana mrefu alishuka, shavu lake la kushoto likiwa limevimba miraa kama kawaida yao.

"Fundi, gari yako imekataa," akasema. "Nimetoka tu town kuteremkia Mwea, ikaisha nguvu kabisa."

"Na mzigo?"

"Kaberia amebeba. Alikuwa nyuma yangu. Sisi hatuachani barabarani."

Hiyo ni desturi yao, na ni nzuri: gari la mmoja likikwama, anayefuata anachukua mzigo wake bila maswali. Nikafungua boneti. Kisanduku cha intakula kilikuwa cha moto kiasi cha kutogusika. Pampu ilikuwa inalia ikizunguka kavu. Nikafuata hosi moja moja kwa kitambaa, kama nilivyofundishwa. Zote kavu. Nikaenda nyuma, nikafungua tangi. Lilikuwa na maji ya kufunika chini tu.

"Maji ya hapa yamekwenda wapi?"

"Si nilinyunyizia mzigo."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulinyunyizia nini?"

"Mzigo, fundi. Pale Ena. Bomba la Chuka lilikuwa halina maji leo, na miraa ilikuwa imeanza kulala. Maji mazuri sana, hata yalikuwa baridi." Alinitazama, akaona uso wangu. "Si ni maji tu? Si uliyafunga majani?"

Nikaona ukurasa wangu wote, safu mbili, na hakuna mahali nilipokuwa nimeandika hilo. Kwa mtu yeyote wa miraa, kutoka Mikinduri hadi Maua, chombo kilichofungwa majani ya mgomba kina maana moja. Ni cha mzigo. Nilikuwa nimeandika kwa lugha yetu kwamba yale ni maji ya miraa, halafu nikaweka bomba chini. Kulanti ni sumu. Ina utamu kidogo, hiyo ndiyo hatari yake. Na miraa haioshwi wala haipikwi. Mtu anaivunja na kuiweka mdomoni.

"Hiyo uliyo nayo mdomoni umeitoa wapi?"

"Ya mzigo."

"Tema."

"Fundi..."

"Tema yote. Kabla au baada ya kunyunyiza?"

Akatema mkononi, akaangalia. "Baada," akasema taratibu. "Tangu Ena."

Nilimwambia alichokuwa ametafuna. Akakaa kwenye tairi kuukuu. Alipiga simu ya Kaberia, ikaita hadi ikakatika. Madereva wale hawashiki simu wakiwa mwendoni, na jambo hilo nililolisifu siku zote nililichukia siku ile. Akapiga tena. Halafu akasema kitu ambacho simlaumu, maana kilikuwa kimepita kichwani mwangu pia.

"Fundi, vibunda vimechanganyika na vya Kaberia. Hakuna mtu atajua ni ipi. Tuseme tu gari iliharibika. Labda imekauka njiani."

"Kulanti haikauki hivyo."

"Watasema Mama Kendi anauza sumu. Watasema mimi. Hata wewe watakusema, kutoka hapa mpaka Meru."

"Watasema," nikamjibu. "Mpigie Kaberia tena, usiache."

Mimi nikampigia Mama Kendi. Nilimwambia kwa mpangilio: kilichokuwa kwenye tangi, nani alikiweka, nani hakuambiwa. Hakunikatiza. Nilisikia wanawake wakizungumza nyuma yake, nadhani walikuwa wakifunga vibunda vya kesho.

"Ni vibunda vingapi vilipata hayo maji?" akauliza.

"Siwezi kujua."

"Unaweza kuniambia ni vya juu tu?"

"Siwezi, Mama Kendi. Maji yanateremka."

"Basi ni yote," akasema. "Na ya Kaberia. Mwambieni arudi, asimpe mtu hata kijiti kimoja. Mimi nawapigia wa Nairobi. Na huyo mtoto wa watu amekula?"

"Amekula."

"Kwa nini bado unaongea na mimi?"

Nikamtia Koome kwenye gari langu na kopo la kulanti mkononi mwake, ili daktari asome mwenyewe kilichoandikwa badala ya kunisikiliza. Hospitalini nikalieleza jambo lilelile kwa mara ya pili. Wakati wanamchukua, simu yake iliita. Kaberia alikuwa amesimama Makutano kutia mafuta. Koome alimwambia ageuze. Halafu akamwuliza kama ametafuna.

"Ya kwangu ya mfukoni," tulisikia Kaberia akijibu. "Ile yenu imekatwa vibaya, siwezi kula hiyo."

Koome alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, lakini muuguzi alimtazama kama mtu asiyeelewa alichoambiwa.

Kaberia alirudi jua likiwa bado juu. Nyuma ya gereji tulichimba shimo. Mliofanya kazi siku ile mnalikumbuka, na ambao hawakuwepo wajue ni hapo mnapoegesha winchi. Kufukia miraa Embu mchana ni tangazo tosha. Watu walikuja kutoka vibanda vya jirani, wakasimama kuzunguka shimo kofia zikiwa mikononi.

"Fundi, kwani marehemu ni nani?" mmoja akauliza.

"Hii ni giza ya maana," mwingine akasema, akiitaja ile miraa ya daraja la juu kwa jina lake, akiangalia vile vijiti vyeusi virefu. "Hata ukinipa kibunda kimoja nikafe nacho kwangu, sitakusumbua."

Nilijua wakiondoka watarudi na majembe. Kwa hiyo nilimwaga juu yake oili chafu yote tuliyokuwa nayo, mapipa mawili, huku wakinitazama. Mtu mmoja mzee aligeuka akaenda zake akitikisa kichwa.

Koome walimweka siku mbili, wakimtia dawa kwa mshipa na kupima mkojo wake kila mara. Mama yake alikuja kutoka Mikinduri akakaa naye. Nilipokwenda kumwona nilimweleza mama huyo kwamba ni mimi niliyefunga tangi, na majani ni mimi niliyeyafunga. Aliniuliza mimi ni wa wapi. Nilipotaja Kianjai, alisema, "Basi ulijua." Sijawahi kupewa hukumu iliyo sahihi zaidi. Siku ya tatu asubuhi Koome alitoka kwa miguu yake, akalalamikia chakula cha hospitali njia nzima.

Mambo ya hasara tulimalizana mimi na Mama Kendi, na hayana la kumfundisha mtu. Nilimpigia Mzee Swaleh nikitarajia kusikia lile swali lake tena.

"Kijana amepona?" akauliza.

"Amepona."

"Basi ikate ile ngao."

Nikaikata. Nilitoa kisanduku, pampu, hosi na tangi, nikafunga intakula ya hewa pana mbele kabisa, mahali lile geti la shule lilipokuwa. Kwenye kona za Thuchi ilikuwa nzito kidogo kuliko ile ya maji, kipimajoto kilisema hivyo, na Mama Kendi alisema hivyo pia. Kisha akasema, "Lakini hii hakuna mtu anaweza kumwagia mzigo," akaendelea kuileta gari kwangu mpaka alipoiuza.

Kwa hiyo jibu langu, ninyi vijana, ni hili. Ya maji nimeifunga tena mara nyingi, kwa magari ya wenye kuyaendesha wenyewe, na tangi lake hukaa chini ya boneti, lenye mfuniko unaotaka spana. Ni kitu kizuri. Lakini kabla ya kupima joto, urefu wa paipu na upepo, ulizeni nani atakuwa karibu na gari hilo kila siku, na akitazama mlichofunga ataona nini. Mwambieni yeye, siyo mwenye gari peke yake. Tokeni chini ya basi mumwambie. Ukurasa wangu wa safu mbili nimewaachia kwenye daftari. Nimeongeza safu ya tatu.

Mzee Swaleh alifariki kabla sijapata nafasi ya kumwambia kwamba nilielewa. Nadhani alijua tangu ile simu.

Koome siku hizi ana gari lake mwenyewe na mvi mbili tatu. Akipita Embu hupinda hadi hapa nyumbani Majimbo, anakaa barazani, anataka kujua kama kustaafu kumenifanya mvivu. Mke wangu humletea maji ya kunywa kwa glasi. Kila mara huyainua kwanza kwenye mwanga, anayatazama upande huu na upande huu, bila haraka, na sisi wawili tunangoja. Kisha anakunywa yote.

"Maji mazuri, fundi," anasema, akirudisha glasi.